Shilingi 40,000 za kutafutiwa chuo Marekani: nilichokipata na nilichokikataa

Ofisi ninayoizungumzia iko katikati ya mji wa Eldoret, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Jina lake nimeamua kutolitaja, kwa kuwa ofisi za aina hiyo ni nyingi hapa kwetu na yaliyonipata kwao yangeweza kunipata kwa jirani yao. Huduma wanayouza ni kumtafutia mkimbiaji wa shule ya upili nafasi na ufadhili katika timu ya chuo cha Marekani. Nililipa shilingi 40,000 kwa ajili ya binti yangu, ambaye hukimbia mita 1,500 na mita 3,000, nikawa mteja wao kwa miezi saba.

Kazi moja waliifanya vizuri, tena kwa namna ambayo mimi peke yangu nisingeiweza. Muda wote aliokuwa nao binti yangu ulikuwa wa saa ya mkononi, uliochukuliwa na mwalimu wa michezo aliyesimama kwenye utepe, na kocha aliye mbali hana njia ya kuuthibitisha muda wa namna hiyo. Wakala alimwingiza katika mashindano mawili yenye saa ya umeme, akamrekodi kwa video kutoka mwanzo hadi mwisho wa mbio, kisha akaandika kando ya kila matokeo kimo cha uwanja kutoka usawa wa bahari. Jambo hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Anayekimbia mita 1,500 katika miinuko yetu, ambako Iten peke yake iko kwenye mita zipatazo 2,400, hawezi kulinganishwa na anayekimbia pwani, na makocha wa Marekani wanalijua hilo, maana hata chama cha michezo ya vyuo, yaani NCAA, kina hesabu yake ya kurekebisha muda kulingana na kimo. Kwa kazi hiyo pekee nasema fedha zangu hazikupotea zote.

Baada ya hapo mambo yalilegea. Barua pepe waliyowatumia makocha ilikuwa moja kwa wote, na nilipoomba orodha ya vyuo nilikuta humo vyuo vya Daraja la Tatu, la chini kabisa kati ya madaraja matatu ya NCAA, pamoja na vile vya Ivy League, kundi la vyuo vinane vikongwe, ambavyo vyote havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo, ingawa vingine husaidia familia kulingana na hali yao ya kifedha. Vyuo vya miaka miwili havikuwemo. Nilipouliza sababu, meneja alinijibu, “Mama, hizo ni shule za walioshindwa.” Sikubishana naye, lakini Sally Kipyego, mkimbiaji mzaliwa wa Kenya, alianzia South Plains, chuo cha miaka miwili kule Texas, kabla ya kuhamia Texas Tech na kutwaa mataji tisa ya NCAA. Kwa mtoto mwenye miguu mizuri na alama za wastani, njia hiyo mara nyingi ndiyo iliyo wazi zaidi.

Kijitabu chao nacho kilikuwa kimepitwa na wakati. Kiliwaeleza wazazi kuhusu barua ya ahadi ya kitaifa, ambayo mwanariadha alitia saini kujifunga na chuo kimoja, na barua hiyo ilifutwa mwaka 2024. Kilitaja pia idadi ya ufadhili ambao kila timu ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa kugawa, ambayo kwa riadha ya wanaume ilikuwa 12.6 na kwa wanawake 18. Tangu mwaka 2025, vyuo vilivyokubali utaratibu mpya havihesabiwi ufadhili bali watu: wakimbiaji 17 katika mbio za nyika na wanariadha 45 katika riadha ya uwanjani. Kwa mzazi maana yake ni kwamba kocha anaweza kuwa na fedha na bado akakosa nafasi, hivyo swali la kwanza la kumuuliza ni watu wangapi wanaondoka mwaka huo.

Lililonifanya niondoke ni mkataba. Katika mwezi wangu wa saba kwao niliwekewa mezani karatasi iliyosema kwamba binti yangu akipata ufadhili, wakala atalipwa asilimia 10 ya thamani yake kila mwaka kwa miaka minne. Niliomba siku mbili nikaisome nyumbani. Kanuni za NCAA humruhusu mzazi kulipia huduma ya kutangaza uwezo wa mwanawe, mradi malipo hayo hayategemei kupatikana kwa ufadhili. Anayelipwa kwa sababu mtoto amepata ufadhili huhesabiwa kuwa wakala wa mchezaji, na mwanariadha huyo hujiweka katika hatari ya kuzuiwa kushindana. Kwa hiyo saini yangu ingeweza kuiharibu nafasi ileile niliyokuwa nimeilipia. Nilipomweleza meneja, alisema wateja wengine hutia saini bila maswali, na ninaamini kwamba alisema kweli.

Nyota mbili kati ya tano ndizo ninazowapa, zote mbili kwa ajili ya saa ya umeme na video.

Yaliyobaki tuliyafanya mezani kwetu jikoni. Binti yangu alijiandikisha mwenyewe katika kituo cha NCAA kinachokagua sifa za wanafunzi, ambacho kwa Daraja la Kwanza hudai masomo 16 ya msingi na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo cha 4.0, na ambacho hakidai tena SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, tangu mwaka 2023. Alijaza fomu za wanariadha wapya zilizo katika tovuti za timu, ambazo ni za bure, kisha akawaandikia makocha 18 kwa mkono wake, akimtajia kila mmoja mbio ambazo timu yake inazihitaji. Sita walijibu. Laiti tungeanza mapema, kwa sababu katika michezo mingi kocha wa Daraja la Kwanza huruhusiwa kuwasiliana na mwanafunzi kuanzia tarehe 15 Juni baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari, ilhali wakala alitushauri tusubiri matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari.

Ameikubali nafasi ya chuo cha miaka miwili. Fomu ya I-20, ambayo chuo hutoa ili mwanafunzi aombe viza, imefika, dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, zimelipwa, na sasa tunangoja tarehe ya mahojiano ya viza Nairobi.