Drili ya betri ya kukaza kwa mkono: biti iliniaibisha, muuzaji akamalizia

Mimi ni fundi mapazia. Bomba lisiposhika ukutani, kitambaa kiwe kizuri vipi, mteja hakuiti tena. Ndiyo maana miezi kadhaa iliyopita nilijikamua nikanunua Kariakoo drili ya betri, ile ambayo kichwa chake hakina ufunguo, unakikaza kwa mkono tu. Nilifurahi mno, maana ufunguo wa drili yangu ya zamani ulikuwa haukai.

Furaha ikaishia sebuleni kwa mteja, Jumamosi moja. Nipo juu ya ngazi, natoboa kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha, kwa biti (chuma cha kutobolea) ya milimita 6. Nabonyeza, kichwa kinazunguka, biti imesimama palepale. Nakaza tena, inashika kidogo, inateleza. Mara ya tatu navuta drili, biti ikabaki ukutani! Mama mwenye nyumba yuko kwenye kochi ananitazama. Nilipoichomoa, shina lake, ile sehemu inayoingia kwenye drili, lilikuwa na mikwaruzo ya mviringo inayong'aa, na lilikuwa la moto halishikiki. Nikaomba nirudi kesho.

Nikaipeleka dukani. Muuzaji hata hakuigusa. "Dada, hii kazi ya wanaume. Mikono yako haina nguvu, mwambie mumeo akukazie." Vijana waliokuwa pale wakacheka. Mikono hii inabeba majora ya vitambaa mchana kutwa! Wiki ile kila fundi niliyekutana naye nilimwambia drili ile ni takataka.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja seremala wa mtaani kwetu. Alisema tu, "Hebu funga biti nione." Kumbe nilikuwa naisukuma mpaka mwisho, zile taya tatu za kichwa cha drili zinang'ata kwenye mifereji ya biti badala ya shina laini. Akairudisha mbele kidogo. Akanionyesha pia kwamba biti nyembamba huweza kunasa kati ya taya mbili, ikakaa upande, hivyo kwanza izungushe hewani uone kama ncha imetulia. Halafu kukaza: yangu hulia tak-tak-tak ikifika, nami nilikuwa naachia kwenye mlio wa kwanza. Kushika kichwa huku mota inazunguka ili kijikaze chenyewe alinikataza kabisa, mkono unaweza kupinda vibaya. Na ukitoboa kwa kugonga, mtikisiko hulegeza, kwa hiyo kila baada ya tundu moja au mawili nakaza upya.

Basi drili ni nzuri? Kwenye tofali na mbao, ndiyo, nzuri sana, haijateleza tena. Kwenye zege la linta bado naipanda ngazi na wasiwasi. Nilitaka kuipa nyota 4. Lakini nikikumbuka kile kicheko damu inachemka. Kuniambia "kaza mpaka ilie" kungemchukua yule muuzaji muda gani? Alijua, anauza mashine hizi kila siku, akaamua kuzungumzia mikono yangu na mume wangu. Naipa 2, zote za mashine, dukani sipeleki hata moja.

Biti ile iliyokwaruzika haishiki tena vizuri. Nimenunua nyingine zenye shina la pembe sita, taya zinazishika barabara, na nimezinunua duka la mtaa wa pili.