Gereji inayopima kwanza, kisha ndipo inafungua injini: tathmini ya huduma, Dodoma

Noah yangu yenye injini ya 3S ilichemsha ikipanda Nyang'oro, tukitoka Mtera kwenda Iringa, na kwa ujinga wangu niliendelea kilomita kadhaa nikitafuta kivuli ilhali mshale wa joto umeshapanda. Tangu siku hiyo ikawa inapunguza maji bila tone kuonekana chini. Fundi wa kwanza mjini Dodoma aliondoa thamostati, vali inayodhibiti mzunguko wa maji kulingana na joto la injini, akasema tatizo limekwisha; wiki mbili baadaye nilikuwa naongeza maji kila asubuhi, na injini ilitetemeka kila ilipowashwa ikiwa baridi. Ndipo nikaenda kwenye gereji ndogo iliyo kando ya Barabara ya Iringa.

Hapo hakuna boliti iliyolegezwa kabla ya vipimo vitatu kukamilika. Kwanza walijaza upepo kwenye mfumo wa maji, wakaona geji ikishuka polepole ingawa mipira yote ilikuwa mikavu. Kisha hewa ya mdomo wa rejeta ilipitishwa kwenye kimiminika cha buluu, nacho kikageuka njano, ishara kwamba gesi ya mwako inapenya kwenye njia za maji. Mwisho walipima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda: silinda ya kwanza na ya nne zilifika paundi 170 kwa inchi ya mraba, ilhali ya pili na ya tatu hazikuvuka 115, na hata zilipotiwa oili kidogo hazikupanda, jambo lililoziondolea lawama ringi za pistoni. Silinda mbili jirani zinaposhuka pamoja namna hiyo, mshukiwa wa kwanza huwa gasketi, kizibo chembamba kati ya hedi na bloku, iliyoungua katikati yake. Nilikuwa pia na hofu ya utando mweupe chini ya mfuniko wa oili. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akanionyesha oili safi, akaeleza kuwa utando huo peke yake mara nyingi huletwa na safari fupi fupi.

Hedi ya aluminiamu, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, hutanuka kuliko bloku ya chuma iliyo chini yake, na joto likizidi hupinda. Yangu ilikuwa imepinda, ikapelekwa kusawazishwa kwa mashine, kisha ikafungwa kwa spana yenye kipimo, hatua kwa hatua, kuanzia boliti za katikati.

Ninachowasifia zaidi ni kwamba walitafuta chanzo. Springi ya mfuniko wa rejeta ilikuwa imechoka, haishikilii tena shinikizo, na Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu nyuzi 96, kiwango kisicho mbali na joto la kawaida la injini. Rejeta nayo ilikuwa na magamba ya chumvi, kwa kuwa kwa miaka mingi niliijaza maji ya kisima. Walibadilisha vyote viwili, wakarudisha thamostati na kuweka kulanti, kimiminika cha kupozea injini, iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa.

Kasoro zipo. Niliahidiwa siku tatu, zikawa sita, na simu nilipiga mimi kila mara. Nilipoomba risiti ya kusawazisha hedi, niliambiwa niifuate mwenyewe huko kazi ilikofanyikia.