Leseni ya unahodha Florida: niliyoyaona tangu kozi mpaka kuihuisha

Mimi ni mtoto wa Shimoni. Kabla sijafika Florida nilishafanya kazi miaka tisa kwenye boti za kuvulisha wageni mkondo wa Pemba. Kwa hiyo nilipoambiwa huku huwezi kumtoza mteja hata senti kwa kumpeleka kuvua bila leseni ya Coast Guard, yaani walinzi wa pwani wa Marekani, nikaona ni jambo la wiki mbili.

Vitabuni leseni hii inaitwa OUPV, yaani ya mwendesha boti za abiria zisizokaguliwa. Gatini wanaiita siksipaki, maana inakuruhusu kubeba abiria sita wanaolipa na hakuna wa saba. Wakati ule nilikuwa bado na grinikadi, yaani mkaazi wa kudumu lakini si raia. Wanakupa, ila wanakuwekea mpaka: uendeshe boti zisizo na usajili wa serikali kuu tu. Yangu ya futi 24 ina usajili wa jimbo, haikunisumbua.

Kilichoniumiza ni siku. Wanataka siku 360 majini, 90 kati ya hizo ziwe za miaka 3 iliyopita, na siku haihesabiwi mpaka utimize saa 4. Kila boti ina fomu yake na saini ya mwenyewe. Hapo ndipo miaka yangu ya Shimoni ilipozama. Tajiri wetu alishauza boti zamani, na daftari lake lilikuwa la mafuta na kilo za jodari, nani ajuaye tulitoka siku ngapi? Nikaanza sifuri, baharia wa boti ya mtu Tampa Bay, kijidaftari mfukoni.

Kozi niliifanya mtandaoni usiku, dola 600 na ushee. Mambo ya dira na ramani niliyapenda, ingawa mwanzoni rula zilikuwa zikiniteleza mezani na boti yangu ya penseli ikapanda nchi kavu mara mbili. Balaa ni mtihani wa sheria za njia, yaani za vyombo kupishana baharini. Maswali 30, alama ya kupita asilimia 90, yaani ukikosa manne umeanguka. Mara ya kwanza nilikosa matano, na mojawapo bado linanichekesha: boti inayorambaza, yaani inayotembea huku ikiburuta nyuzi za ndoana nyuma, je, kisheria inahesabika kuwa inavua? Mimi niliyerambaza tangu utotoni nikajibu ndiyo, tena kwa kujiamini. Kumbe siyo. Nyuzi za kurambaza hazikuzuii kugeuka, kwa hiyo huna haki ya kupishwa kama mwenye nyavu. Jingine ni taa za mvuvi usiku, nyekundu juu ya nyeupe. Kwetu taa ya mvuvi ilikuwa karabai, basi. Wiki iliyofuata nilirudia, nikapita kwa kukosa moja.

Baada ya hapo ni karatasi: kadi ya TWIC (kitambulisho cha usalama cha wafanyakazi wa bandari na vyombo), cheti cha huduma ya kwanza na CPR (kumkandamiza kifua mtu aliyesimama moyo), kipimo cha dawa za kulevya, fomu ya daktari, ada dola 145. Tahadhari na hiyo ya daktari. Zahanati niliyokwenda iliacha wazi sehemu ya kupima rangi machoni, nami sikuikagua. Ikaja barua, ombi limesimama. Wiki sita nzima, tena ni msimu wa nguru, nikawa nawasaidia wenzangu kuosha boti.

Kuihuisha ni kila miaka 5 na ni rahisi zaidi. Ukiwa na siku 360 ndani ya miaka hiyo, hakuna mtihani. Usipokuwa nazo unafanya zoezi la sheria huku kitabu kimefunguliwa, au kozi fupi. Ada ni dola 95. Mimi nilijisahau, nikatuma ombi zikiwa zimebaki wiki tatu. Leseni ikafa, nyingine haijafika. Ndiyo, sheria inakupa mwaka mmoja wa kuihuisha baada ya kwisha, lakini ndani ya muda huo hubebi mteja. Nilirudisha malipo ya safari nne. Sasa nimeweka kengele kwenye simu, miezi minane kabla.

Kozi naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano wameikosa kwa sababu suala la siku walilitaja dakika kumi tu, somo la mwisho.

Nina baharia kijana sasa, naye anaitaka leseni. Kila Ijumaa tukishafunga boti namsainia siku zake kwanza, halafu ndipo namlipa.