Santuri na muziki wa mtandaoni wa ubora wa juu: uzoefu wangu

Nimekuwa nikisikiliza Apple Music kwa kiwango chake cha juu cha sauti tangu kilipoanza kutolewa mwaka 2021 bila nyongeza ya bei, na wakati huohuo ninatumia mashine ya santuri aina ya Audio-Technica AT-LP120X, ambayo huzungusha sahani za kasi zote tatu, yaani mizunguko 33, 45 na 78 kwa dakika. Vyote viwili vinapitia amplifaya moja na spika zilezile, kwa hiyo tofauti nitakazozitaja hazitokani na spika.

Kwa vipimo, santuri imeshindwa. Sauti ya kiwango cha CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde (kila kipimo huitwa sampuli), na kila sampuli huandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za kompyuta, na nafasi kati ya mnong'ono wake na kishindo chake hufikia desibeli 96, ilhali santuri iliyo safi haivuki sana 70, kwa sababu chini ya muziki daima kuna mvumo wa sindano inayosugua plastiki. Mtandaoni kiwango kinapanda hadi biti 24 na sampuli 192,000. Kati ya hicho na kile cha CD sijasikia tofauti ninayoweza kuiapia, ila kwenye bando naiona waziwazi: kwa hesabu za Apple wenyewe, wimbo wa dakika tatu unaochukua megabaiti 6 katika kiwango cha kawaida huchukua 145 katika kiwango hicho cha juu kabisa. Anayesikiliza kwa Bluetooth anagharimika bure, maana sauti hubanwa tena kabla haijafika masikioni.

Hata hivyo, vipimo hivyo vinaeleza ukubwa wa chombo tu, na mimi nasikiliza zaidi rumba na muziki wa dansi wa zamani, ambako jambo linaloamua ni nakala iliyotiwa ndani ya chombo hicho. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi za Tanzania, Mbaraka Mwinshehe akiwa miongoni mwa wanamuziki wake, zilivuka mpaka kwenda kurekodi huko. Nyimbo nyingi za enzi hiyo zilitoka kwenye sahani ndogo za 45, na kwa kuwa upande mmoja haukutosha, wimbo ulikatwa katikati, mara nyingi pale gitaa linapokaribia kuchangamka, ukaendelea upande wa pili. Baadhi ya matoleo ya mtandaoni yameunganisha pande hizo mbili. Ukisikiliza kwa makini unasikia sauti ikififia kisha ikiibuka tena, na nyuma yake mikwaruzo midogo inayojirudia kwa mpigo wa sahani inayozunguka, dalili kwamba nakala ilitolewa kwenye sahani kuukuu wala si kwenye utepe wa studio. Hapo biti 24 zinahifadhi kwa uaminifu mkubwa uchakavu wa sahani ya mtu mwingine. Ubaya zaidi ni pale mhandisi alipojaribu kuufuta, kwani pamoja na mikwaruzo huondoka mng'ao wa matoazi na pumzi ya saksafoni. Sahani yangu ya 45 iliyo katika hali nzuri huishinda nakala ya namna hiyo bila ubishi.

Sahani kubwa za kasi ya 33 siwezi kuzitetea hivyo. Mwanzoni mwa upande, mfereji hupita chini ya sindano kwa karibu sentimita 50 kwa sekunde, lakini karibu na lebo mwendo huo hushuka hadi takriban 20, na wimbo wa mwisho ndio unaolipa deni hilo. Kwenye taarabu husikika haraka: fidla zilizokuwa laini huanza kukwaruza, na herufi za "s" za mwimbaji hugeuka kuwa mate. Kwa muziki wa aina hiyo, na kwa karibu kila kitu kilichorekodiwa kidijitali, nimebaki na huduma ya mtandaoni.

Anayetaka kununua sahani za mitumba aishike kila moja kimshazari mbele ya mwanga kabla ya kulipa. Mkwaruzo mmoja unaoonekana huenda ukawa kidoko tu, lakini mifereji iliyopauka na kuwa ya kijivu imekwisha kuliwa na sindano mbovu, na hakuna kuoshwa kutakakoirudisha.