Kompresa ya kupulizia modeli za malori: nunua kwa ajili ya kikombe cha maji, sio nguvu ya mota

Wadau wa malori madogo mambo vipi, karibuni tena, tupo Tanga hapa Chumbageni, na hiyo mvua mnayoisikia kwenye bati msijali, mi nimefurahi inyeshe maana hii kitu ya leo siku ya jua kali huwezi kuona raha yake yote. Ndo hii. Kompresa ndogo ya kupulizia rangi modeli kwa eabrashi, yaani kile kibunduki kidogo cha rangi unachokishika kama kalamu, ina tenki lake la lita 3 hapa chini, unaibeba kwa mkono mmoja.

Mambo ya wati na uzito sisomi, yameandikwa kwenye boksi na wengi mnazijua hizi mashine zinavyofanana. Inajaza upepo mpaka presha ya bar 4 inajizima, ukitumia ukashuka bar 3 inajiwasha, basi. Mi nataka mtazame hiki kidude hapa, hiki kikombe cha plastiki cha kunasa maji, unaona mpaka ndani, kipo kwenye mpira wa upepo, chini kabisa ya eabrashi, yaani karibu na mkono. Hiki ndo kimenifanya niwashe kamera.

Sasa sikilizeni vizuri hapa hasa nyie wa Pwani. Upepo wa kwetu umejaa unyevu, bahari ile pale. Kompresa inapobana upepo, upepo unapata moto, na ukiwa wa moto maji yanabaki mvuke, huyaoni. Ukishapoa ule mvuke unageuka matone. Kwenye mashine tayari kuna kichujio, hiki hapa kwenye geji, na watu wengi wanakiona hicho wanasema inatosha. Haitoshi! Hapa kwenye geji upepo bado una joto, mvuke unapita zake, halafu unakuja kupoa humu ndani ya mpira, mita nzima na zaidi, unafika kwenye eabrashi ushakuwa maji. Kwaiyo cha kunasa maji kinatakiwa kiwe mwisho wa mpira, sio mwanzo.

Tufanye kwa vitendo. Nakitoa kikombe, nafunga eabrashi moja kwa moja. Najaribia kwenye kijiko cheusi cha plastiki, rangi ya modeli ya bluu ya kampuni ya Tamiya, nimeichanganya na tina yake ikawa nyepesi kama maziwa, presha bar 1 na nusu hivi. Napuliza... bado safi... endelea kutazama usiruke mbele... mota imeshawaka mara kadhaa sasa, tenki limepata moto... na, eeh! Mmeona? Tii! Tone la maji hilo, limetua katikati ya rangi, limetengeneza shimo na rangi imekimbia pembeni. Sogeza simu karibu. Hiyo ingekuwa mlango wa kabini ujue, na mlango wa skeli ya 1/24, yaani lori limepunguzwa mara 24, ni mdogo, tone moja limeshaula mlango, unaanza upya kupiga msasa.

Sasa narudisha kikombe. Kijiko kingine, rangi ileile, presha ileile. Napuliza, napuliza, mota inawaka inazima, hakuna kitu, rangi imelala laini. Na hebu angalieni ndani ya kikombe, yale matone yanayotelemka ubavuni, yote hayo yalikuwa yanakuja kwenye lori langu! Halafu chini kuna kitufe, unabonyeza hivi kwa kidole, pshhh, maji yote nje kwenye tishu, huzimi mashine, hufungui chochote. Narudia tena maana napenda wallahi. Pshhh.

Mkitumia rangi za tina kali, hizi za aina ya duko, unyevu unawapa tabu nyingine, rangi inaota ukungu mweupe juu. Hapo kikombe kinasaidia upande wa mpira tu, unyevu uliopo chumbani hakiugusi, kwaiyo mvua kama hii mi napuliza akriliki peke yake, glosi kali inasubiri siku kavu. Na tina ya dukani ya magari msiimwage ovyo kwenye plastiki hizi, inayeyusha kweli.

Lori lenyewe ni Scania 143, modeli ya kampuni ya Italeri, ile 14 ni injini ya lita 14 ya V8 na 3 ndo toleo la tatu, madereva wa zamani wa njia ya Segera ukiwatajia tu wanatabasamu. Kichwa cha mita 6 kwa skeli hii kinakuja sentimita 25, ndo maana rangi nzito haitakiwi, inaziba mistari ya milango na misumari yote midogo inapotea. Praima ya kijivu nishapiga, leo bluu, afu glosi, afu stika za maji. Nyuma ya kabini nataka niandike maneno kwa mkono kama malori yetu yanavyoandikwa, mnitupie maneno mazuri kwenye komenti, na tela lake litakuja kwenye video za jumamosi, nimeshaanza kukata miti yake.

Kuna mtu ataniuliza mbona usichukue ile eabrashi ya chaji, mota ipo kwenye mpini, bei rahisi. Nimeishika. Kwa chesisi na matairi sina ugomvi nayo, unapiga nyeusi unamaliza. Ila haina tenki, upepo unatoka kwa kutetemeka, kwenye kabini ya glosi utaona mawimbi. Na kompresa ya gereji kubwa nayo ni ya oili, mafuta yanaweza kupita na upepo, halafu kelele, jirani ana mtoto mchanga.

Bei sasa. Laki tatu na ushee mpaka inafika mlangoni, na hapo usafiri umekula sehemu kubwa, inauma. Mwanzoni nilikuwa nasema ghali, sasa hivi hata sijui, ukipiga hesabu ya makopo ya spreyi ambayo lori moja linakula mawili matatu... bado ghali lakini naielewa. Ila mpira waliotoa nao ni mgumu, unavuta mkono, huo nitabadilisha.

Kama tayari una kompresa usinunue nyingine jamani, tafuta kikombe peke yake, thredi ya inchi 1/8 ndo ya kawaida kwa eabrashi nyingi, kagua yako kwanza maana kuna kampuni zina thredi zao. Na tenki kila ukimaliza legeza ile nati ya chini maji yatoke, yakilala humo chuma kinashika kutu. Haya ngoja nipige koti la pili la bluu, msiondoke, naweka simu juu hapa muone kabini ikiingia rangi.