Seti ya taa za LED na faiba kwa modeli za vyombo vya anga: nyuzi nzuri, nyaya ovyo

Seti hii haina jina la kampuni. Inaagizwa mtandaoni kutoka China na hufika kwenye mfuko wa plastiki bila karatasi ya maelekezo. Ndani kuna taa nyeupe 9 za milimita 3, nyekundu 2, kijani 1, na nyeupe 1 inayowaka na kuzima yenyewe. Kila taa imeshalehemewa rezista yake (kipande kinachopunguza mkondo) ya omu 470. Kuna pia nyuzi za faiba, zinazobeba nuru ya taa hadi kwenye madirisha ya modeli: mita 10 za unene wa milimita 0.5, mita 5 za 0.25 na mita 3 za 0.75, pamoja na kiunganishi cha betri ya volti 9. Kwa modeli ya sentimita 30 hadi 45 vinatosha.

Tuseme mapema: kinachostahili pesa yako hapa ni nyuzi. Taa na rezista zimejaa Kariakoo kwenye maduka ya vipuri vya redio, na utakazochagua mwenyewe zitakufaa kuliko hizi. Faiba ya plastiki ya unene huu ndiyo ngumu kuipata Dar. Wapo wanaoomba vipande kwa mafundi wa intaneti wakidhani ni kitu kilekile. Sicho. Ile ni kioo, na njia yake ya nuru katikati ni takriban mikroni 9 tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo ukiiwekea LED huoni kitu cha maana. Tena vipande vyake vikivunjika huingia kwenye ngozi na kuvitoa ni kazi.

Unene wa nyuzi uchague kwa kipimo cha modeli. Kwenye modeli ya 1/350, yaani iliyopunguzwa mara 350, uzi wa 0.5 ni sawa na taa ya sentimita 17.5, na wa 0.25 ni karibu sentimita 9, ambao unafaa kwa vitaa vya pembeni. Kwenye 1/1000 uzi uleule wa 0.5 unakuwa dirisha la nusu mita, na wa 0.75 unaanza kuonekana kama geti. Watu wengi hutoboa matundu makubwa mno, kisha wanashangaa kwa nini chombo kikubwa kinaonekana kama kichezeo. Biti iwe nene kidogo kuliko uzi, 0.6 kwa uzi wa 0.5, kwenye dirili ya kuzungusha kwa vidole. Dirili ya umeme huyeyusha plastiki na kuacha tundu lenye kingo zilizovimba.

Supaglu usiitumie kwenye nyuzi. Huufanya uzi kuwa mkavu na mwepesi kukatika palepale unapojikunja, mara nyingi baada ya kuifunga bodi, wakati huwezi tena kufika ndani. Isitoshe, kwa unyevu wa Dar mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo na plastiki iliyo karibu. Tumia gundi nyeupe ya mbao, tone dogo upande wa ndani, uiache usiku kucha. Ukitaka kushikilia kwa nguvu zaidi, epoksi ya kuchanganya inafaa. Na uzi usiukunje kwa kona kali: wa 0.5 upe duara la nusu kipenyo cha sentimita 1 au zaidi, la sivyo nuru inavuja kwenye kona na dirisha linabaki giza.

Muuzaji anadai taa moja ya milimita 3 inabeba nyuzi 50. Kwa za 0.25 sawa, kwa za 0.5 hapana. Fungu la nyuzi za 0.5 linaloenea mbele ya taa hiyo ni kama nyuzi 20. Ukitaka 40 au 50, nunua LED ya milimita 5. Lifunge fungu kwa mrija unaosinyaa kwa joto, lakini joto lenyewe liwe kidogo na la haraka, maana akriliki hulainika kabla ya kufika nyuzijoto 100. Kata ncha zote pamoja, zisugue kwa msasa namba 400, kisha 800, kisha 1500. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya fungu na taa. Ukizigusanisha, nyuzi za katikati zinawaka sana na za pembeni zinafifia. Kichwa cha LED ukikisugua kikawa bapa, bila kukifikia kipande kinachowaka ndani, nuru inasambaa vizuri zaidi.

Sasa umeme, ambako seti inaanguka. Kila taa ikiwa na rezista yake, kwenye adapta ya volti 12 seti nzima inakula karibu miliampia 200, na sehemu kubwa inaishia kuwa joto kwenye rezista zilizofungiwa ndani ya plastiki. Kwenye betri ya volti 9 haifiki saa 3 kabla ya mwanga kufifia. Tena taa ya kuwaka na kuzima imefungwa kwa mfululizo (mkondo mmoja unapita moja baada ya nyingine) na nyekundu mbili, kwa hiyo zote tatu zinapepesa pamoja. Taa za kando zinatakiwa zitulie kama kwenye meli na ndege, nyekundu kushoto na kijani kulia. Inayopepesa ni ile nyeupe peke yake.

Suka upya hivi. Nyeupe zipange tatutatu kwa mfululizo, mafungu matatu, kila fungu na rezista moja ya omu 220 (nyekundu, nyekundu, kahawia). Nyekundu mbili na kijani ziwe mfululizo mmoja kwa rezista ya 470. Ya kupepesa iwe na njia yake na 470 yake. Jumla inashuka hadi kama miliampia 65. Mpangilio huu unahitaji volti 12 kamili, betri ya 9 haiwezi kuuwasha. Adapta ya ruta inafaa, na ukiiunganisha kwenye yupiesi ndogo ya ruta (betri ya akiba) chombo kinaendelea kuwaka umeme ukikatika. Ila ipime kwanza kwa mita: zile adapta za zamani nzito zenye transfoma zinaweza kutoa volti 15 au 16 zisipobeba mzigo, na hapo LED zako hazitadumu. Pawabenki haisaidii. Inatoa volti 5, na nyingi hujizima zikiona mkondo mdogo kama huu.

Lehemu kila kitu kabla ya kuingiza nyuzi, sekunde 3 kwa kila mguu. Mguu mrefu ni chanya. Ukishaukata, pima kwa betri ya kidonge ya volti 3.

Nyeupe za seti zina ubluu wa ofisi. Zipake rangi ya njano inayopitisha nuru, au nunua LED nyeupe ya joto.

Plastiki ya modeli hupitisha mwanga, hasa nyeupe, na bodi nzima inaweza kung'aa kama kibatari. Ndani paka nyeusi mara mbili, kisha nyeupe juu yake ili nuru irudi. Karatasi ya alumini ya jikoni nayo inazuia, lakini inapitisha umeme: ikigusa miguu ya LED ni shoti. Kabla ya kugundisha nusu mbili za bodi, iache imewaka saa 2 chumbani gizani na ukague kila kiungo.

Nyuzi ziache zimechomoza milimita 5 wakati wa kupaka rangi ya nje, kisha zikate kwa wembe mpya zikiwa sawa na bodi. Koleo huzipasua ncha. Vanishi isiyong'aa ipige kabla ya kukata, kwa sababu ikikaa juu ya ncha inaziba nuru. Ikishakaa, sugua ncha kwa msasa wa 1500 na uweke tone la vanishi ya kung'aa kwa kijiti cha meno.