iReal Pro: mwalimu mzuri wa chumbani, ila kiti cha mpiga besi aachiwe mpiga besi

Wadau wa muziki wa jukwaani, hasa nyie mnaopiga jazi kwenye mahoteli ya Dar na Zanzibar, leo nataka niiongelee hii programu ya iReal Pro kwa kirefu kidogo, maana kila kijana anayeanza saksafoni, saks kwa kifupi, ananiuliza kama inastahili hela yake, na wakati huohuo naona mameneja wa mahoteli nao wameshaijua, na hapo ndo penye shida yangu.

Tuanze na kazi yake. Ni programu ya simu, ipo ya iPhone, ya Android na ya kompyuta za Mac, ndani yake kuna kordi za wimbo zimepangwa kwenye vyumba, yaani vile vipande vya mapigo ambavyo wengine wanaviita bari, kama zilivyo kwenye karatasi ya bendi, ukibonyeza inakupigia piano, besi na dramu, wewe unaingia juu na chombo chako. Ilitoka 2008 na aliyeitengeneza ni Massimo Biolcati, ambaye ni mpiga besi wa jazi kabisa, ndo yule wa trio ya Lionel Loueke, yule mpiga gitaa wa Benin aliyezunguka dunia na Herbie Hancock. Na ukiitumia unaona kweli imetoka kwa mtu anayejua shida za mpigaji, kila kitu unachokihitaji ukiwa na chombo mkononi kipo karibu na kidole, hutafuti tafuti.

Nyimbo haziji na melodi, zinakuja kordi tu. Wengi wanalalamikia hilo lakini sababu yake ni ya kisheria, melodi ina mwenyewe na lazima alipwe, mfuatano wa kordi kwa kawaida hauhesabiwi kuwa mali ya mtu. Kwa hiyo wapenzi wa jazi wameandika kordi za nyimbo zaidi ya elfu moja, unazishusha bure zikiwa zimepangwa tayari, ile melodi ukaitafute mwenyewe kwa sikio kwenye rekodi, na kwa kweli hiyo ni faida kwako maana ukiishika kwa sikio haitoki.

Mi napuliza saksafoni ya tena (tenor), chombo cha B-flat, yaani noti ninayoisoma kama C kwenye piano inasikika B-flat, sasa nikiiambia hivyo karatasi inanigeuzia kordi zote za kwangu huku piano na besi zinaendelea kwenye sauti yao ya kawaida. Hii peke yake imeniokolea masaa mengi. Zamani mwimbaji anafika saa kumi na mbili jioni kifua kimembana anasema jamani leo wimbo tuushushe nusu toni, unaanza kuhesabu vidole huku wageni wanaingia. Sa hivi nabonyeza mara moja karatasi imeshuka. Unaweza pia kuchagua vyumba vinne tu vinavyokusumbua ukaviacha vizunguke, unaweza kuiambia kila mzunguko iongeze mwendo kidogo, au kila mzunguko ihamie ki kingine (key, ile noti ya msingi ambayo wimbo umesimama juu yake) mpaka umalize zote kumi na mbili, na hili la mwisho ndo zoezi ambalo nawasisitizia vijana kuliko yote, maana wengi wanajua kupiga vizuri kwenye ki mbili tatu tu, ukiwahamisha wananyamaza.

Kitu kingine ni mikseri. Kila chombo kina sauti yake, unakipandisha, unakishusha, unakizima. Jaribu kuzima piano ubaki na besi na dramu peke yake, hapo ndo utajua kama solo yako inaeleza kordi au ulikuwa unabebwa. Mpiga besi naye azime besi akae yeye. Mitindo ipo mingi, swingi za mwendo tofauti, bosanova ya Brazil, balladi yaani nyimbo za taratibu, mpaka ile gypsy ya magitaa, na mingine ya ziada inanunuliwa pembeni. Na haihitaji bando ikishaingia kwenye simu, umeme ukikatika na charji ipo unaendelea na mazoezi gizani.

Mapungufu yake sasa. Rumba yetu ya dansi sijaiona humo, ile mitindo ya Kilatini ukijaribu kuipigia rumba ya kwetu inakaa kando kabisa, gitaa la pili hamna, na bila gitaa la pili hiyo sio dansi. Ukiunganisha na spika kwa bluetooth sauti inachelewa, we bonyeza uone, tumia waya. Na simu iweke kwenye hali ya ndege, ukipigiwa katikati ya wimbo bendi yako yote inakata. Balladi zake kwangu ni dhaifu, dramu inagonga kwa usahihi ambao hauna pumzi, na baada ya mizunguko kadhaa unaanza kujua besi itaenda wapi kabla haijaenda.

Ila pungufu kubwa kuliko yote ni kwamba haisikii. Kuna usiku tulikuwa tunapiga hoteli moja ya ufukweni, Unguja upande wa mashariki, bendi ya watu wanne, tuko kwenye balladi na ilikuwa inaelekea mwisho, akainuka mama mmoja mtu mzima akamshika mkono mume wake wakaanza kucheza taratibu pembeni ya meza yao. Mpiga dramu aliwaona kabla yetu sote. Akaacha fimbo akachukua brashi, akamtupia jicho mpiga besi, besi akarudi mwanzo wa wimbo badala ya kufunga, piano akapunguza mkono, mi nikapuliza mzunguko mwingine kwa sauti ya chini na mwingine tena, tukawashikilia pale mpaka walipochoka wenyewe na kurudi kukaa. Hakuna aliyesema neno. Wageni wa meza zote walikuwa wamegeuka. Ile ndo bidhaa ambayo hoteli ilikuwa inauza usiku ule, na imetengenezwa na masikio ya watu wanne. Simu ingemaliza mzunguko wa tatu kama ilivyoambiwa ikanyamaza, wale wazee wakabaki wamesimama.

Sasa niseme la mameneja. Siku hizi unapigiwa simu, "Kaka tunataka jazi Ijumaa, ila we njoo na simu yako tu, ile yenye muziki ndani, bajeti yetu ni ya mtu mmoja." Hoteli sitaitaja na wala sio moja. Unakuta bango la nje bado limeandikwa jazi laivu, bei ya kinywaji usiku wa muziki haijashuka hata mia, mgeni analipa kama alivyokuwa analipa bendi ikiwa nzima. Tuseme bendi ya wanne ilikuwa inalipwa laki nne, laki moja kila mtu, sasa unaambiwa chukua laki na ishirini uje peke yako, na kijana anaona ameongezewa elfu ishirini anafurahi. Hesabu iangalie vizuri, laki mbili na themanini zimebaki kwa hoteli, na watu watatu waliosomea vyombo vyao wamebaki nyumbani Ijumaa. Na huyo aliyeongezewa, muda si mrefu atakuta kijana mwingine mwenye simu hiyohiyo anakubali elfu themanini.

Kinachoniuma ni kwamba hata hiyo laki ilikuwa haitoshi. Mtu wa nje anahesabu masaa matatu ya jukwaani basi. Hahesabu kwamba saundcheki ni saa kumi jioni, dramu zimekuja na kirikuu ambacho umekilipia wewe, boti ya kwenda Unguja umelipa wewe, ridi za saks ya tena, kile kijiti chembamba cha mdomoni kinachotoa sauti, zinauzwa bei mbaya na mara nyingi unasubiri mtu anayetoka nje akuletee, na kurudi ni usiku wa manane daladala hamna. Halafu unaambiwa malipo mwisho wa mwezi, lete ankara, unaleta ankara, mhasibu kasafiri. Wanakata ile kodi ya zuio ya asilimia 5 ya TRA, sawa, ni sheria na siipingi, lakini cheti cha kuonyesha kwamba kodi yako imekatwa na kupelekwa ukikiomba wanakuangalia kama umeomba funguo za gari. Ombeni jamani, ni haki yenu, ile ni hela yenu imeshalipwa kodi na bila karatasi huwezi kuthibitisha.

Na haya mambo ya mashine na mwanamuziki sio mapya hata kidogo. Marekani, sinema zilipoanza kutoa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, maelfu ya wanamuziki waliokuwa wanapiga kwenye majumba ya sinema wakakosa kazi. Kisha santuri zikaingia mabaa na redioni, na tarehe 1 Agosti 1942 chama chao cha wanamuziki chini ya James Petrillo kikasema hakuna mwanachama kurekodi santuri za kuuza mpaka makampuni yakubali kuchangia. Na wakakaza kweli. Kampuni ya santuri ya Decca ilikubali 1943, wenzao Columbia na Victor wakashikilia mpaka Novemba 1944. Ndo maana bebop, ile jazi mpya ya mwendo kasi, ya mwanzoni kabisa, Charlie Parker na Dizzy Gillespie wakiwa wanaipika New York, haina rekodi nyingi, wamepiga kipindi ambacho studio zilikuwa zimefungiwa. Kwa sisi tunaoipenda ile sauti hiyo ni hasara kubwa, lakini kilichopatikana ni kwamba kila santuri ikauzwa na mchango fulani ukaingia mfuko wa wanamuziki, na ule mfuko ukawa unalipia maonyesho ya laivu ya bure kwa wananchi. Walichodai ni kwamba mashine ikikaa kwenye kiti cha mtu, sehemu ya faida imrudie yule mtu, santuri zenyewe hawakusema zife.

Na kwetu tulishawahi kuwa na utaratibu. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki analipwa mshahara wa mwezi kama karani, ndo ileile iliyobadili jina ikawa JUWATA, kisha OTTU, mpaka leo tunaiita Msondo Ngoma. Jina la jazi pale halikumaanisha swingi, tunajua, bendi zetu nyingi zilijiita hivyo, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Ule mfumo ulikuwa na ubaya wake pia, vyombo vilikuwa vya mwajiri, ukiondoka unaondoka mikono mitupu, na waliohama hama wakisaka maslahi ni wengi. Lakini mpiga besi alikuwa na mshahara, alijua mwezi ujao mtoto atalipiwa shule. Leo mjukuu wake ana chombo chake mwenyewe na hajui Ijumaa ijayo kama yupo kazini.

Kwa hiyo mi msimamo wangu ni huu na nauandika kwenye makubaliano kabla sijapanda boti. Jukwaani iReal Pro ni karatasi ya kordi, inakaa kwenye stendi, haipigi. Mteja akiwa kweli ana nafasi ndogo namshauri watu wawili, saks na gitaa, au saks na besi, duo nzuri inajaza ukumbi wa meza kumi bila shida. Akisisitiza mtu mmoja na muziki wa simu basi bei yangu ni ya watu wawili, na bango liandikwe saks na muziki wa kurekodiwa, asiandike bendi, asiandike laivu, mgeni ajue analipia nini. Nusu ya malipo kabla, nusu usiku uleule kabla sijafunga boksi la saks. Kuna kazi nimezikosa kwa sababu hiyo na kuna meneja mmoja alinipigia baada ya muda akasema lete bendi yako, wageni wanaulizia wale wenzio wako wapi.

Na nyie vijana mnaotoka pale Dhow Countries Music Academy Mji Mkongwe au mnaojifunzia kwenye bendi za makanisa, mnapiga vizuri sana, nawasikia, msikubali kuanza na bei ya elfu themanini kwa sababu mna simu. Ongeeni kwanza nyie kwa nyie. Mameneja wanategemea kwamba hamuongei.

Nyota zangu sasa. Kwa mazoezi ya nyumbani tano kwa tano, sijaona kitu kingine cha bei hiyo kinachomfundisha mtu kusikia kordi zikipita. Kama karatasi ya jukwaani nne, skrini ya simu ni ndogo, tumia tableti kama unayo. Kama bendi, moja, na hiyo moja ni ya umeme ukikatika. Malipo ni mara moja, hakuna ada ya kila mwezi, ila jueni ukinunua kwenye Android haihamii iPhone, unanunua tena, kwa hiyo kama unakaribia kubadilisha simu subiri kwanza. Ukishaiweka shusha ule mkusanyiko wa nyimbo za jazi, zima piano, weka blues kwenye ki ya F mwendo wa pole, na mpigie simu mpiga besi unayemjua muulize Ijumaa ana nafasi.